Sola ya gari la kambi kando ya Ziwa Victoria: wati 100, 200 au 400?

Ukiingia duka la sola Mwanza mjini na kusema unataka umeme wa kwenye gari la kupigia kambi, utaulizwa "wati ngapi?" hata kabla hujamaliza kusalimia. Swali hilo linapaswa kuja mwisho. La kwanza ni kama unabeba friji au hubebi, kwa sababu vitu vingine vyote vya kambini, taa, simu, feni, redio na hata laptopu, ukivijumlisha havifikii ulaji wa friji moja ndogo. Mwenye friji na asiye na friji wanahitaji mitambo miwili tofauti kabisa. Wengi wanaolalamika kwamba sola yao "haina nguvu" wana friji ndani ya gari na mtambo wa asiye na friji juu ya paa.

Nalinganisha mitambo mitatu inayoingia kwenye magari ya huku kwetu: Hiace na Noah zilizong'olewa viti vya nyuma zikawekwa kitanda, Land Cruiser zenye hema la kwenye paa, na pikapu zenye kibanda nyuma. Yote ni ya volti 12.

Tuanze na hesabu ya matumizi. Chukua familia yenye Hiace inayokwenda kulala siku tatu ufukweni upande wa Magu au Lamadi. Taa nne za LED za wati 5, zikiwaka masaa manne, ni wati-saa 80 (wati mara masaa). Simu tatu kujaa ni kama 50. Feni ya wati 15 usiku kucha, masaa nane, ni 120. Laptopu mara moja, 60. Pampu ndogo ya maji ya kuoshea vyombo, 10. Jumla ni wati-saa 320 kwa siku.

Sasa weka friji ya kompresa ya lita 40 hivi. Ikiwa inanguruma inavuta wati 40 hadi 60, ila inawaka na kuzima yenyewe. Kwa joto letu la mchana la nyuzi 28 hadi 30, iwekee wati-saa 500 kwa siku. Jumla inaruka kutoka 320 hadi 820. Na hapo ni friji ya kompresa. Yale masanduku ya baridi ya bei nafuu yasiyo na kompresa, yanayochomekwa kwenye kiberiti cha gari, huvuta wati 45 hadi 60 bila kupumzika. Kwa siku nzima yanapita wati-saa 1,000, na bado soda inatoka ya uvuguvugu. Hayo yaache dukani.

Upande wa jua, kwa Mwanza wakati wa kiangazi mimi hutumia masaa 5 ya jua kamili. Si kwamba jua linawaka masaa matano tu. Maana yake ni kwamba mwanga wote wa kutwa, ule hafifu wa saa 2 asubuhi na ule mkali wa saa 6, ukikusanywa pamoja unalingana na masaa matano ya jua la utosini. Kisha toa asilimia 30 ya upotevu: joto la paneli, vumbi la barabarani, waya na betri yenyewe. Paneli ya wati 100 inabaki na wati-saa 350 kwa siku. Kwa masika, Machi hadi Mei, na vuli ya mwisho wa mwaka, shusha hesabu. Ukienda upande wa Bukoba shusha zaidi, maana pwani ile ya magharibi hunyeshewa mvua nyingi kuliko Mwanza. Siku ya wingu zito paneli hutoa robo ya kawaida yake au chini ya hapo.

| | Wati 100 | Wati 200 | Wati 400 |
|---|---|---|---|
| Umeme kwa siku ya jua zuri | wati-saa 350 | wati-saa 700 | wati-saa 1,400 |
| Betri inayolingana (Ah ni ampea-saa, ukubwa wa akiba yake) | jeli Ah 100 au lithiamu Ah 50 | lithiamu Ah 100 | lithiamu Ah 200 |
| Ubaridi | boksi la barafu | friji ya kompresa, lita 40 hivi | friji kubwa, au mbili |
| Inveta (ya kugeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani) | si lazima | wati 300 | wati 2,000 |
| Inamfaa | wa usiku mmoja au miwili | familia, siku tatu hadi nne | anayeishi au kufanya kazi ndani ya gari |

Utaona familia yetu ya wati-saa 820 haikai sawasawa kwenye safu ya kati. Inapungukiwa 120 kila siku. Paneli za wati 250 zingeikata hesabu barabara, lakini kwa safari ya siku tatu pengo hilo linazibwa na betri iliyotoka nyumbani ikiwa imejaa. Kwa wiki nzima mahali pamoja lisingezibika.

Watu huidharau ile safu ya kwanza kwa sababu ya boksi la barafu, na hapo wanakosea. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka inafyonza joto la wati-saa 93 hivi. Kilo 10 ni zaidi ya wati-saa 900 za ubaridi, ambazo friji ya kompresa ingetumia kama nusu yake ya umeme kuzitengeneza. Boksi zuri lenye kuta nene, likikaa kivulini na lisifunguliwe kila mtu anapopita, linakufikisha siku ya pili bila kununua friji, paneli ya pili wala betri kubwa. Na Mwanza ni mji wa samaki, barafu haiwezi kukosekana. Ubaya wake unauona usiku wa pili: sato uliyemnunua mwaloni anaelea kwenye maji ya barafu, mfuko wa nyama umeingiwa na maji, na maziwa ya mtoto yana harufu ya samaki. Ukivumilia hilo, au ukibeba maboksi mawili, wati 100 zinakutosha kabisa. Kwa wikiendi ya kawaida mimi ndiyo ninayoipendekeza.

Sasa tuseme umeamua friji. Swali linalofuata ni paneli ya kudumu juu ya paa au ya kukunja inayowekwa chini, na hapa ushauri mwingi wa magari ya kambi hautufai, kwa kuwa umeandikwa kwa ajili ya Ulaya na Marekani. Kule jua la miezi ya baridi linatambaa karibu na upeo, kwa hiyo wanasisitiza kuinamisha paneli ilifuate. Mwanza iko nyuzi 2.5 tu kusini mwa ikweta. Jua linapita utosini katikati ya Machi na tena mwisho wa Septemba. Hata Juni, linapokuwa limekwenda kaskazini kabisa, saa 6 mchana liko nyuzi 26 tu kutoka utosini. Paneli iliyolala bapa juu ya paa inapoteza asilimia 10 hivi saa hiyo, na miezi mingine chini ya hapo. Usinunue fremu za kuinamisha. Acha tu uwazi wa vidole vitatu kati ya paneli na bati ili hewa ipite. Paneli ikifika nyuzi 60, na kwenye bati la gari inafika, inakuwa imepoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa joto peke yake.

Tatizo la paneli ya paani ni jingine. Inakulazimisha uegeshe gari juani. Gari lililofungwa juani saa 8 mchana linapanda nyuzi 45 au zaidi ndani, na friji iliyo humo haizimi tena. Umeme unaouvuna juu unakwenda kupigana na joto ulilolikaribisha mwenyewe. Paneli ya kukunja inatatua hilo: gari chini ya mwembe, paneli mita tano mbele kwenye jua. Lakini upepo wa ziwani unaanza mchana, na paneli ya kilo tano isiyofungwa kwa kamba na mawe unaikuta imelala kifudifudi. Mtu lazima abaki kuilinda, kama si na wezi basi na tumbili. Na ukiwa unaendesha, haizalishi kitu.

Kwa hiyo kwa wati 200 chaguo langu ni nusu kwa nusu: moja ya wati 100 imefungwa paani, nyingine ya wati 100 ya kukunja. Njiani ile ya juu inafanya kazi. Kambini unaegesha kivulini, ya juu inalegea, ya chini inabeba mzigo. Hakikisha tu volti zake zinafanana kama zinaingia kwenye chaji kontrola moja (kile kifaa kinachosimamia umeme wa paneli unapoingia kwenye betri), na uziunge sambamba, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Ukiziunga mfululizo, kivuli kwenye moja kinaivuta na mwenzake.

Kivuli kidogo kina madhara makubwa kuliko ukubwa wake. Seli ndani ya paneli zimeungwa kwa mstari, kwa hiyo bomba la keria likipitisha kivuli chembamba juu ya seli chache, unaweza kupoteza nusu ya paneli nzima. Mwanza na miamba yake inapendeza kulala, lakini chagua upande: jiwe lililo mashariki mwako litakula jua lako la asubuhi hadi saa 4.

Kuhusu betri, usiku wetu unaamua. Mtu wa Ulaya anapiga kambi kiangazi, jua linazama saa 4 usiku. Sisi mwaka mzima tuna usiku wa masaa 12, na ukihesabu pia alasiri na asubuhi jua linapokuwa dhaifu, kuanzia saa 10 alasiri hadi saa 3 asubuhi betri iko peke yake masaa 17. Kwa familia yetu yenye friji hayo ni kama wati-saa 600.

Betri ya maji au ya jeli ya Ah 100 ina wati-saa 1,200 kwa karatasi, lakini ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara inakufa mapema. Kwa hiyo unatumia 600, na asubuhi umefika mpakani. Ikiamka siku ya mawingu, friji inazima saa 5. Lithiamu ya Ah 100, ile aina ya fosfeti ya chuma, ina 1,280 na unaweza kutumia zaidi ya 1,000 bila wasiwasi. Inabakiza wati-saa 400 na ushee kwa siku mbaya. Ina uzito usiozidi nusu ya mwenzake, na inahimili kujazwa na kutumiwa mara elfu mbili au zaidi, wakati ya jeli inahesabiwa kwa mamia. Bei ya kununulia iko juu, hilo halina ubishi. Ila betri mbili za jeli za kufanya kazi ileile zina kilo 50 hadi 60 kwenye springi za Noah.

Asiye na friji sioni sababu ya kukimbilia lithiamu. Wati-saa 320 kwa betri ya jeli ya Ah 100 ni kazi nyepesi, na itakaa miaka. Onyo la lithiamu linalotawala maandishi ya nje ni baridi, isichajiwe chini ya nyuzi sifuri. Kwetu geuza: isichajiwe ikiwa imepata joto kupita nyuzi 45. Iweke chini, ndani ya gari, mbali na injini na mbali na kioo cha nyuma.

Chaji kontrola ni kitu kidogo kinachovuruga hesabu nzima. Ziko aina mbili, PWM ya bei nafuu na MPPT ya bei kubwa zaidi. Kwa paneli ya wati 100 iliyotengenezwa kwa ajili ya volti 12, PWM inatosha, unapoteza kama robo tu. Balaa linaanza mtu anapoona paneli za nyumbani, zile kubwa za mita mbili kwa moja, zina bei nzuri kwa kila wati. Anachukua moja ya wati 330 na kuiunga kwa PWM. Paneli hiyo inatoa ampea 9 kwa volti 37. PWM inaiburuza hadi volti 13 za betri, na ampea zinabaki 9. Tisa mara kumi na tatu ni wati 117. Amelipia 330, anapata 117, na paneli ya kilo 20 na ushee iko juu ya paa. Kwa MPPT, inayogeuza volti za ziada kuwa ampea, paneli hiyohiyo ingefanya kazi vizuri sana. Kwa hiyo kanuni ni nyepesi: paneli ya nyumbani, MPPT lazima, zaidi ya wati 150, MPPT inalipa, chini ya hapo tumia PWM na ubaki na chenji.

Kabla hujaongeza paneli ya pili, jiulize unahama kila siku au unakaa. Kutoka Mwanza hadi lango la Ndabaka la Serengeti, kwa barabara ya Musoma, ni kama kilomita 140. Chaja ya ampea 20 inayochukua umeme wa altaneta na kuupeleka kwenye betri ya nyuma, ile wanayoiita DC kwa DC, inaingiza wati 260 muda wote injini inapozunguka. Masaa mawili na nusu ya safari ni wati-saa 650, karibu sawa na kutwa nzima ya paneli za wati 200. Msafiri wa kuzunguka ziwa, leo Sengerema, kesho Chato, safari iliyorahisishwa na daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa 2025, angefanya vizuri kununua chaja hiyo na paneli moja ya wati 100. Anayevuka kwa kivuko cha Kisorya kwenda Ukerewe na kutulia siku nne pale pale, chaja haimsaidii. Huyo aongeze paneli.

Safu ya wati 400 nitaipitia haraka, kwa kuwa watu wengi wanaoitaka wanaitaka kwa ajili ya kupika. Birika la wati 2,000 na jiko la umeme vinafanya kazi kwenye inveta kubwa, ndiyo, lakini mtungi wa gesi wa kilo 6 una nishati ya wati-saa 77,000 hivi, sawa na betri 60 za lithiamu za Ah 100 zilizojaa. Hata nusu yake ikipotea pembeni mwa sufuria, bado hakuna mashindano. Pika kwa gesi, nje ya gari. Kiyoyozi nacho sahau. Hewa ya ziwani usiku na feni ya wati 15 vinatosha. Wati 400 zina maana kwa mtu anayefanya kazi na kompyuta mbili na intaneti ya setilaiti kutwa nzima, au mwenye friji kubwa ya kuuzia vinywaji.

Kuna pia njia ya mkato: pawa stesheni, lile boksi moja lenye betri, inveta na kontrola ndani. Kwa bei, wati-saa zake mara nyingi ni ghali kuliko ukinunua vipande, na kikiharibika kitu kimoja ndani fundi wa mtaani hakifungui kirahisi. Lakini inatoka kwenye gari. Ukienda Rubondo unapanda boti na gari linabaki ng'ambo, na mtambo uliofungwa kwa skrubu kwenye Hiace hausaidii kitu kule kisiwani. Anayebadilisha magari au kuazima la shemeji naye anunue boksi. Soma tu kiwango cha sola inachopokea. Ikiandikwa wati 100, paneli ya 200 ni hela ya bure.

Jambo la taa linaonekana dogo, lakini karibu na maji si dogo. Wadudu wa ziwani, wale unaowaona wakipanda juu ya maji kama moshi, wanafuata mwanga usiku. Taa nyeupe kali juu ya paa inawaita kwa maelfu, na asubuhi paneli ina zulia la wadudu waliokufa. Weka taa za njano hafifu, ziwe chini na mbali na paneli, na uifute kwa kitambaa chenye maji kabla ya saa 2 asubuhi, kioo kikiwa bado kimepoa.

Siku ya kununua nenda na tepu ya kupimia na mita ya umeme. Muuzaji atakwambia, "Bosi, hii ni wati 300, orijino kabisa." Usibishane naye, pima. Jua kali linaleta wati 1,000 kwa mita moja ya mraba, na paneli nzuri inageuza kama asilimia 20 yake. Kwa hiyo mita moja ya mraba ni wati 200 na kitu. Paneli ya sentimita 100 kwa 50 haiwezi kuwa ya wati 300 hata ikiandikwa kwa dhahabu. Ni 100, labda 110. Kisha itoe nje juani, pima volti bila mzigo na ampea za mzunguko mfupi, ulinganishe na kibandiko cha nyuma. Betri nayo inyanyue: ya lithiamu ya Ah 100 ina kilo 10 hadi 13, na ikiwa na kilo sita ujue ndani kuna nafasi tupu.

Kinachobaki ni waya. Friji nyingi zinazozima usiku wa manane huku betri imejaa zina ugonjwa wa waya mwembamba: kompresa inapowaka volti inaporomoka njiani, friji inadhani betri imekwisha, inajizima. Kwa mita tano kutoka betri hadi friji, waya wa milimita za mraba 1.5 kwa ampea 5 unapoteza zaidi ya nusu volti. Wa 4 unapoteza kama robo volti. Chukua wa 4, na huohuo utumie kutoka paneli hadi kontrola. Fyuzi ya ampea 15 ya laini ya friji ikae kwenye waya wa chanya, ndani ya shibiri moja kutoka kwenye betri. Mafundi wengine huiweka upande wa friji kwa sababu ni rahisi kuifikia, lakini hapo waya wote wa kati unakuwa hauna ulinzi, na ndio unaopita chini ya kapeti na kusuguliwa na reli za viti.